Duka la intaneti: Ufunguo uko mikononi mwa nani?

Na Mwandishi Wetu

MACHI 2024 kampuni ya Google ya Marekani ilizima tovuti zote ndogo ambazo wafanyabiashara wa nchi mbalimbali walikuwa wamejitengenezea bila malipo kupitia huduma yake ya kuorodhesha biashara kwenye ramani. Kwa miezi michache iliyofuata, aliyefungua anuani ya tovuti hizo alipelekwa kwenye maelezo ya biashara husika ndani ya Google, na ilipofika Juni 10 mwaka huo hata njia hiyo ya mzunguko ikakatwa. Tangu hapo mteja aliyeandika anuani aliyoiona kwenye kadi, kwenye bango la saluni au ubavuni mwa gari la mizigo, alijibiwa kuwa ukurasa anaoutafuta haupo.

Huduma hiyo ilikuwa imeanza mwaka 2017 na mvuto wake ulikuwa wepesi. Mwenye gereji, nyumba ya wageni au duka la vipodozi alijaza jina la biashara, saa za kazi, namba ya simu na picha chache, na katika dakika chache tovuti yake ikawa hewani. Hakumlipa mbunifu, hakukodi seva wala hakununua jina. Anuani yake iliishia na maneno business.site, kwa maana nyingine alikuwa mpangaji asiyelipa kodi katika nyumba ya Google. Mwenye nyumba alipoamua kuibomoa, aliwashauri wapangaji wahamie kwa kampuni nyingine za kutengeneza tovuti, zikiwamo Wix, Squarespace na GoDaddy, ambazo huduma zao kamili hulipiwa.

Wenye kumbukumbu ndefu hawakushangaa. Mwaka 1994 huko Marekani ilianzishwa GeoCities, ambayo iligawa nafasi za bure kwa mtu yeyote aliyetaka kuwa na ukurasa wake kwenye intaneti. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5, kisha Oktoba 2009 ikaifunga. Kurasa za familia, za mashabiki wa muziki na za maduka madogo zilikwenda pamoja, isipokuwa zile za Japani ambazo ziliachwa hadi mwaka 2019. Kati ya matukio hayo mawili imepita miaka 15, na teknolojia imebadilika kiasi cha kutotambulika, lakini mkataba baina ya mtoa huduma ya bure na anayeitumia umebaki vilevile: mmoja ana haki ya kufunga, mwingine ana haki ya kuarifiwa.

Suala hili linawahusu moja kwa moja wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa, Nairobi na Kampala, pengine kuliko wenzao wa Ulaya. Hapa kwetu wengi hawakuwahi kupitia hatua ya kuwa na tovuti. Nyaya za baharini za SEACOM zilifika Dar es Salaam Julai 2009, zile za EASSy zikafuata mwaka 2010, bei ya intaneti ikaanza kushuka, na simu zenye uwezo wa kuipokea zikaingia mitaani wakati uleule ambao Facebook, na baadaye Instagram na WhatsApp, zilikuwa zikienea. Mshonaji wa Ilala au muuza viatu wa Kariakoo alitoka kwenye duka la ukuta wa matofali na kuingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa Instagram. Tovuti aliiona ni jambo la mabenki, mashirika ya ndege na wizara.

Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Wateja walikuwa huko, picha zilipandishwa bure, na mazungumzo ya bei yaliendelea kwenye WhatsApp kama ambavyo yangeendelea kibarazani. WhatsApp ilipotoa toleo lake la biashara Januari 2018, muuzaji alipata majibu ya kujiandikia mapema na saa za kufungua na kufunga, vyote ndani ya simu aliyokwisha kuizoea. Hakuna mbunifu wa tovuti aliyeweza kushindana na urahisi huo kwa bei ya sifuri.

Tatizo ni kwamba ukurasa wa Instagram, ukurasa wa Facebook na namba ya WhatsApp vyote viko katika milki moja. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, na tangu Oktoba 2021 kampuni mama inaitwa Meta. Mfanyabiashara anayedhani ametawanya mayai yake katika vikapu vitatu ameyaweka katika kimoja. Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, kikapu hicho kilianguka. Kosa lililofanyika wakati wa matengenezo ya kawaida liliitenga mitambo ya kampuni hiyo na intaneti yote, na kwa takriban saa sita, kuanzia jioni kwa saa za Afrika Mashariki hadi baada ya usiku wa manane, huduma zote tatu zilitoweka. Aliyetegemea WhatsApp pekee kupokea oda za keki za kesho yake hakuweza kupokea oda mpya wala kuwajibu wateja humo.

Saa sita ni kitu kidogo ukilinganisha na mabadiliko ambayo hayapigi kelele. Januari 2018 mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, alitangaza kuwa mtiririko wa habari katika mtandao huo utatoa kipaumbele kwa mambo ya ndugu na marafiki, na kwamba watu wataona machapisho machache zaidi ya biashara na vyombo vya habari. Maana yake kwa muuzaji ilikuwa nyepesi kuielewa. Wafuasi aliowakusanya kwa miaka mingi bado walikuwa wafuasi wake, lakini kuwafikia sasa kulianza kugharimu fedha za tangazo. Hakuna aliyevunja sheria. Mwenye soko alisogeza meza, basi.

Upo pia mkono wa serikali. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya Uchaguzi Mkuu, na miaka kadhaa baada ya kura kuhesabiwa mtandao huo ulikuwa bado haujarudishwa. Wafanyabiashara wa Kampala waliokuwa na kurasa zenye maelfu ya wateja walilazimika ama kutumia njia za kukwepa kizuizi au kuanza upya kwingine. Tanzania, mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote na haikuanza kurejea hadi siku kadhaa baadaye. Kabla ya hapo, Mei 12, 2024, kukatika kwa nyaya za EASSy na SEACOM baharini kuliifanya intaneti ya Tanzania na nchi jirani kusuasua kwa siku kadhaa bila ya mtu yeyote kuamua hivyo.

Katika mambo haya ni lazima kusema ukweli wote. Kuwa na tovuti yako mwenyewe hakumwokoi mtu intaneti inapozimwa nchi nzima. Watengenezaji wa tovuti wanaouza huduma zao kwa kuwatisha wateja na matukio ya Oktoba 2025 wanauza mwavuli kwa mtu aliyefikwa na mafuriko. Kinachosaidia siku kama hizo ni kitu cha zamani zaidi, nacho ni orodha ya majina na namba za simu za wateja iliyohifadhiwa nje ya WhatsApp, hata kama ni katika daftari la kurasa 96. Mwenye orodha hiyo anaweza kupiga simu ya kawaida. Asiye nayo hana wateja. Ana wafuasi, na wafuasi ni mali ya mtandao.

Fundisho jingine lilitoka kwa masoko ya pamoja. Jumia, iliyojitambulisha kama soko kubwa la intaneti barani Afrika na ambayo hisa zake ziliingia katika soko la New York Aprili 2019, ilisitisha shughuli zake Tanzania Novemba 27, 2019. Wauzaji waliokuwa wamejenga sifa humo, kwa nyota na maoni ya wanunuzi, hawakuweza kuzihamisha sifa hizo kwingine. Mwezi uleule ambao Jumia iliingia New York, mtandao wa Jiji ulitangaza kuzinunua shughuli za OLX katika nchi tano za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, na waliozoea kutangaza kwa jina moja wakajikuta wamehamishiwa kwa jingine.

Ndiyo maana mjadala wa tovuti kwa wafanyabiashara wadogo, ambao miaka kumi iliyopita ulionekana kupitwa na wakati, umerudi. Umerudi kwa hoja tofauti. Zamani tovuti ilinadiwa kama njia ya kuonekana na dunia nzima, ahadi ambayo kwa mama anayeuza batiki za Kitanzania pale Mwenge ilikuwa na ukweli kiasi na kwa muuza tofali wa Tegeta haikuwa na ukweli wowote. Leo hoja yenye nguvu ni ya umiliki. Jina la kikoa, yaani ile anuani inayoishia .co.tz, .co.ke au .com, ndicho kitu pekee katika intaneti ambacho mfanyabiashara mdogo anaweza kukishika kwa jina lake, kukihamisha kutoka kampuni moja hadi nyingine, na kukielekeza anakotaka. Leo anuani hiyo inaweza kufungua tovuti, kesho ikafungua ukurasa wa Instagram, keshokutwa ikafungua duka jipya, na mteja asijue kuwa kuna lililobadilika. Bango la dukani halihitaji kupakwa rangi upya.

Gharama si kikwazo kikubwa. Kulipia jina la .co.tz kwa mwaka ni suala la makumi ya maelfu ya shilingi, si mamia. Kituo cha tzNIC kilianzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya kusimamia majina yanayoishia .tz, na majina hayo huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Kenya, Google yenyewe iliwahi kuendesha kampeni Septemba 2011, ikishirikiana na Safaricom, Benki ya Equity na msimamizi wa majina ya nchi hiyo, KENIC, kuwapatia wafanyabiashara wadogo tovuti na jina la .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Neno la kuzingatia hapo ni mwaka wa kwanza. Jina la kikoa haliuzwi, hukodishwa, na kila mwaka lina siku yake ya kulipiwa.

Siku hiyo ndiyo inayowaumiza watu, na si wadogo pekee. Desemba 1999 Microsoft ilisahau kulipia anuani ya passport.com, iliyotumika kuwaingiza watu katika huduma ya barua pepe ya Hotmail, na watumiaji wakakwama hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani alipoilipia dola 35 kutoka mfukoni mwake siku ya Krismasi. Aprili 2021, kijana mmoja wa Argentina aliona kuwa anuani ya Google ya nchi hiyo inapatikana kununuliwa kama jina lolote, akailipia kiasi kisichofika dola tatu, na kwa muda mfupi akawa ndiye mmiliki wake kabla ya kurudishwa. Kazi ya kijana huyo, kwa taarifa, ni ubunifu wa tovuti.

Ikiwa kampuni zenye majengo ya wanasheria zinasahau, hali ya mwenye duka la nguo Sinza inaeleweka. Lakini kwake yeye tatizo mara nyingi halitokani na kusahau. Linatokana na kutojua kwamba kuna kitu cha kukumbuka, kwa sababu jina halikusajiliwa na yeye. Lilisajiliwa na fundi.

Utaratibu wa mitaani unafahamika. Mwenye biashara anamtafuta kijana anayejua kutengeneza tovuti, wanakubaliana bei ya jumla, kijana ananunua jina kwa kutumia barua pepe yake, anakodi nafasi kwenye seva kwa akaunti ambayo tayari ina tovuti za wateja wengine kumi, anaweka WordPress, anapakia picha, kazi imekwisha. Hakuna udanganyifu katika hatua yoyote. Ni njia ya haraka, na mwenye biashara mwenyewe hutaka asisumbuliwe na mambo ya kitaalamu. Kijana akibadili namba ya simu, akipata ajira Dubai, au wawili hao wakigombana kuhusu malipo ya mwaka wa pili, ndipo inapobainika kuwa ujumbe wa kukumbusha malipo umekuwa ukienda kwenye barua pepe isiyofunguliwa. Jina linaisha muda. Baada ya kipindi cha neema linarudi sokoni, na wapo watu duniani ambao kazi yao ni kuviziavizia majina ya namna hiyo na kuyajaza matangazo ya kamari.

Kwa maneno mengine, mfanyabiashara aliyekimbia nyumba ya kupanga ya Google anaweza kujikuta mpangaji wa fundi wake. Mtego huu wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa Google hutoa taarifa kabla ya kufunga.

Funguo za tovuti ni tatu, na kila moja ina mlango wake. Upo wa akaunti iliyosajili jina, upo wa seva inakokaa tovuti, na upo wa msimamizi wa tovuti yenyewe, anayebadilisha maandishi na bei. Fundi anaweza kukabidhiwa ule wa tatu bila hofu kubwa, kwa sababu tovuti ikiharibika inaweza kujengwa upya. Ule wa kwanza hautakiwi kutoka mikononi mwa mwenye biashara. Jina liandikwe kwa jina lake au la kampuni yake, kwa barua pepe anayoifungua kila siku, na ikiwezekana alipie miaka kadhaa kwa mkupuo, majina ya.com huweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele. Kuthibitisha hali ilivyo ni kazi ya dakika moja, kwani kumbukumbu za usajili zinaweza kutafutwa na yeyote kwenye intaneti, na hata pale ambapo majina ya wamiliki yamefichwa kwa sababu za faragha, tarehe ya kuisha muda huonekana.

Kuhusu tovuti yenyewe, mengi yanayouzwa kama ubunifu hayana faida kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Tovuti nyingi za kampuni ndogo za jijini zinafanana: picha tatu kubwa zinazopishana juu ya ukurasa, maneno ya kumkaribisha mgeni, dira, dhima, na picha ya watu wa Ulaya waliovaa suti wakipeana mikono. Anayetaka kujua bei ya tairi atafute mwenyewe. Muundo huo ulikopwa kwa kampuni kubwa, ambazo tovuti zao huandikwa kwa ajili ya wenye hisa na waajiriwa watarajiwa. Mteja wa duka anataka mambo matano: mnauza nini, kwa bei gani, mko wapi, mnafungua saa ngapi, na analipaje.

Uzito ni jambo jingine. Mteja wa mjini anafungua tovuti kwa simu, akitumia kifurushi alichokinunua kwa siku au kwa wiki. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukurasa wenye picha 20 za namna hiyo unamkata mteja megabaiti 80 kabla hajaona bei ya kitu chochote. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa wote unakuwa na megabaiti 4, na kwenye kioo cha simu hakuna atakayeona tofauti. Programu za kupunguza ni za bure. Google nayo, tangu Aprili 2015, huzingatia kama tovuti inasomeka vyema kwenye simu inapopanga nani atokee juu katika matokeo ya utafutaji wa simu, hivyo tovuti nzito humnyima mwenyewe wageni mara mbili.

WordPress, ambayo ilitoka Mei 2003 na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, inatolewa bure na ndiyo chombo cha mafundi wengi. Ubora wake ni kwamba tovuti iliyojengwa nayo inaweza kufungashwa na kuhamishiwa seva nyingine, jambo ambalo kwa Wix na wenzake ni gumu. Ubaya wake ni kwamba inahitaji kutunzwa. Toleo lisilosasishwa, pamoja na viongezo vyake vilivyozeeka, ni mlango wa wezi, na si ajabu kukuta tovuti ya shule au ya duka la dawa imejaa viunganishi vya kamari ambavyo mwenyewe hajaviona kwa kuwa hajaifungua kwa mwaka mzima. Mwenye biashara asiyekusudia kulipia matunzo ni heri awe na ukurasa mmoja tu usio na mitambo yoyote nyuma yake. Programu za akili bandia zilizoenea baada ya mwaka 2022 sasa huandika ukurasa kama huo kwa dakika chache. Kiswahili chake kinahitaji kusahihishwa.

Bei inastahili neno la peke yake. Katika mitandao ya kijamii umeota mtindo wa kuficha bei na kumwambia mteja aje inboksi. Wauzaji wana sababu zao: mshindani asione, mteja aombe punguzo, mazungumzo yaanze. Kariakoo ndivyo biashara inavyokwenda na hakuna ubaya. Lakini dukani mteja ameshatumia nauli na muda kufika, kwa hiyo atauliza. Kwenye simu hajatumia chochote, na kidole kimoja kinampeleka kwa muuzaji mwingine aliyeandika bei. Isitoshe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ya Tanzania inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina, anuani na mawasiliano yake, na amweleze mnunuzi gharama. Sheria hiyo ni miongoni mwa zile zisizosomwa na wale inaowahusu.

Hata hivyo, kizingiti kikubwa zaidi kiko kwenye malipo, na hapo vyombo vya nje haviwezi kuigwa tu. Shopify ilizaliwa Ottawa, Canada, kutokana na shida ya mfanyabiashara mdogo halisi: mwaka 2004 Tobias Lütke na wenzake walitaka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji, hawakupata programu ya kuwaridhisha, wakaandika ya kwao, na mwaka 2006 wakaanza kuuza programu badala ya mbao. Ni chombo kizuri. Lakini ada yake ni ya kila mwezi kwa dola, na mfumo wake wenyewe wa kupokea malipo ya kadi hutolewa katika nchi chache ambazo Tanzania haimo. Mnunuzi wa Tabata, kwa upande wake, hana haja ya kadi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na wenzake wakafuata. Fedha zake ziko kwenye simu. Kampuni kama Pesapal, Selcom na DPO zimejenga madaraja ya kuunganisha tovuti na fedha za simu, kwa makato katika kila muamala. Anayeuza bidhaa tano kwa siku anaweza kuona kuwa Lipa Namba iliyoandikwa wazi kwenye ukurasa inamtosha.

Kinachobaki ni imani. Mnunuzi anaogopa kutuma fedha kwa mtu asiyemjua. Muuzaji anaogopa kutuma mzigo. Jijini suluhisho ni bodaboda na malipo wakati wa kupokea. Kwa mikoani, mzigo hupelekwa kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, ukapandishwa basi, na mteja akatumiwa namba ya gari na ya kondakta. Mfumo huu hauna programu wala muwekezaji, na unafanya kazi kwa sababu kila hatua ina mtu anayepigiwa simu. Tovuti yenye anuani ya kudumu, jina linalolingana na lile la kwenye leseni, na namba ya simu ambayo haijabadilika kwa miaka mitatu inaongeza hatua moja katika mnyororo huo. Ukurasa uliofunguliwa wiki iliyopita na kuazima picha za watu wengine unaweza kumdanganya asiyechunguza umri wake. Jina la kikoa linauonyesha, kwa sababu tarehe ya kusajiliwa ipo kwenye kumbukumbu.

Kuna tahadhari moja kwa wale watakaoamua kuzihifadhi namba za wateja kama ilivyoelezwa juu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na Kenya ina yake tangu mwaka 2019. Orodha ya majina, namba za simu na mahali anapoishi mteja ni taarifa binafsi kwa mujibu wa sheria hizo, iwe kwenye seva au kwenye daftari. Kuiuza kwa mtu anayetangaza mikopo ya haraka, kama inavyofanyika, si ujanja wa biashara tena.

Kwa upande wa serikali, jambo moja lingeweza kufanyika bila bajeti kubwa. Mtanzania anayeanza biashara husajili jina lake BRELA, na tangu mwaka 2018 hufanya hivyo kwa mfumo wa mtandaoni. Jina la kikoa husajiliwa kwingine kabisa, kwa wakala, na madaftari hayo mawili hayasomani. Mtu anaweza kumiliki jina BRELA huku jina hilohilo likiwa na mwingine kwenye .co.tz, na hakuna anayemwonya siku anayolipia cheti. Kumwonyesha mwombaji, kwenye ukurasa uleule anapotafuta jina la biashara, kama anuani inayolingana nalo iko wazi na tarehe ya mwisho ya kuilipia ni ipi, ni kazi ya kuunganisha mifumo miwili ambayo yote tayari ipo. Wakati hilo halijafanyika, mwenye duka aanze na swali moja kwa fundi wake wiki hii: jina la tovuti liko kwenye barua pepe ya nani?